Anasoma na muziki masikioni, umwache au umzuie?

Katika nyumba nyingi zenye mwanafunzi wa sekondari, ugomvi wa saa tatu usiku hauhusu chakula wala usingizi. Unahusu masikio. Mtoto amefungua daftari, kalamu iko mkononi, lakini amechomeka spika za masikioni na kichwa kinafuata mdundo. Mzazi anaona mchezo. Mtoto akiulizwa anasema anasoma, tena anasoma vizuri kuliko siku ambazo nyumba imenyamaza.

Kila upande una ushahidi wake. Mzazi anakumbuka alivyosoma yeye kwa taa ya kandili, bila simu, na akafaulu. Mtoto anaonyesha kurasa alizomaliza. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuingia kichwani mwa mwenzake, mjadala huamuliwa na mwenye mamlaka: simu inachukuliwa, mtoto ananuna, na kesho yake yanaanza upya.

Jambo hili limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Majibu yake hayampi ushindi kamili mzazi wala mtoto, lakini yanatosha kuwasaidia wote wawili waache kubishana na waanze kupanga.

Njia mbili zilimshinda fisi

Mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ni fundi cherehani. Ana kijana wa kidato cha nne na binti wa darasa la nne. Wanaishi chumba na sebule. Meza ya sebuleni mchana ni ya cherehani, usiku ni ya vitabu. Matokeo ya mtihani wa moko yaliporudi, Hisabati ya kijana ilikuwa imepanda kidogo, Baiolojia na Historia zimeshuka. Mama hakutafuta mchawi mbali. Aliangalia zile nyaya mbili zinazoning'inia masikioni.

"Hapo unasoma au unasikiliza nyimbo?"

"Vyote viwili, mama."

"Njia mbili zilimshinda fisi, baba."

Kijana akacheka, kisha akatoa hoja mbili. Ya kwanza, bila muziki anasinzia. Ya pili, bila muziki anasikia kila kitu: televisheni, cherehani, mdogo wake na maneno ya majirani. Mama aliona ni visingizio. Kumbe katika majibu yake yote, hayo mawili ndiyo yaliyokuwa na ukweli mwingi zaidi.

Mkanganyiko uliongezwa na mteja wake mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja kupima gauni. Yeye alisema muziki humwongezea mtoto akili, ila uwe ule wa Wazungu wa zamani, usio na maneno. Maneno hayo yamezunguka dunia nzima, na inafaa kujua yalikotoka.

Hadithi ya Mozart

Mwaka 1993, Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, nchini Marekani, walichapisha ripoti fupi katika jarida la kisayansi la Nature. Waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo. Kila mmoja alipitia hali tatu: dakika 10 za muziki wa piano mbili uliotungwa na Mozart, dakika 10 za maelekezo ya kupumzisha mwili, na dakika 10 za ukimya. Baada ya kila hali walifanya majaribio ya kufikiria maumbo, kwa mfano kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Baada ya Mozart walipata alama za juu zaidi, sawa na pointi 8 hadi 9 za kipimo cha akili.

Habari ikapaa. Kufikia mwaka 1998, gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni humo apewe muziki wa aina hiyo. Biashara ya kanda na diski za kumwongezea mtoto akili ikashamiri, na hadi leo video za namna hiyo zimejaa kwenye simu za wazazi.

Njiani yalidondoka mambo matatu. Kwanza, waliopimwa walikuwa watu wazima wa chuo, si watoto wachanga. Pili, muziki ulipigwa kabla ya jaribio, si wakati wa kulifanya. Tatu, faida yenyewe ilidumu dakika 10 hadi 15 tu, muda ambao chai ya mkaa haijachemka.

Baadaye watafiti wengine walichimba zaidi. Mwaka 1999, Kristin Nantais na Glenn Schellenberg nchini Canada walilinganisha muziki wa Mozart na hadithi ya kusisimua ya Stephen King iliyosomwa kwa sauti. Waliopenda muziki walifanya vizuri baada ya muziki, na waliopenda hadithi walifanya vizuri baada ya hadithi. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, nchini Austria, mji ambao Mozart mwenyewe aliishi, walikusanya tafiti karibu 40 zenye washiriki wapatao 3,000. Hawakuona nguvu yoyote ya pekee katika muziki wake.

Kilichobaki ni jambo la kawaida ambalo kila mzazi analijua: mtu aliyechangamka hufikiri vizuri kuliko aliyechoka au aliyenuna. Muziki ni njia moja ya kuchangamka. Kutembea kidogo, kunawa uso au kucheka na ndugu ni njia nyingine.

Kwa hiyo kijana anayesema muziki unamwondolea usingizi hadanganyi. Swali ni kama muziki huo huo ukiendelea kupiga wakati anasoma unamsaidia au unamla.

Ubao mdogo ndani ya kichwa

Mwaka 1974, wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza namna akili inavyoshika mambo kwa muda mfupi kabla ya kuyahifadhi. Mtu anaweza kuifikiria kama ubao mdogo. Ukitajiwa namba ya simu na huna kalamu, unairudia midomoni mpaka upate pa kuiandika. Ile sauti ya ndani inayorudia ndiyo sehemu muhimu ya ubao huo. Mwanafunzi anayesoma aya ya Baiolojia anaitumia pia: anasikia maneno kichwani, anayaunganisha, ndipo yanapata maana.

Ubao huo ni mdogo. Tena una udhaifu mmoja mkubwa: sauti za nje huingia zenyewe, hata kama mtu hazisikilizi. Mwaka 1989, Baddeley na mwenzake Pierre Salamé waliwapa watu kazi ya kukumbuka tarakimu kwa mpangilio, wengine katika ukimya, wengine huku muziki wa ala tupu unapiga, wengine huku wimbo wenye mwimbaji unapiga. Nyimbo zilivuruga kumbukumbu zaidi kuliko ala tupu. Maneno ya mwimbaji yaligombania nafasi na tarakimu.

Hapo baadhi ya vijana hujitetea kuwa wanasikiliza nyimbo za lugha wasiyoielewa. Tanzania ina wapenzi wengi wa dansi la Kongo ambao hawajui Kilingala hata neno, na siku hizi wapo watoto wanaosikiliza nyimbo za Kikorea. Lakini tangu mwaka 1976, Herbert Colle na Alan Welsh nchini Marekani walishaonyesha kuwa sauti ya mtu anayesoma Kijerumani ilivuruga kumbukumbu za wanafunzi wasiojua Kijerumani. Katika kukumbuka mambo kwa mpangilio, kinachosumbua si maana pekee. Sauti inayobadilikabadilika inatosha. Na pale kazi inapokuwa kusoma na kuelewa, lugha anayoielewa mtoto inasumbua zaidi, kwa sababu maana ya wimbo nayo inataka kusikika.

Utafiti unaowagusa vijana zaidi ulifanyika Cardiff, Wales, na Nick Perham na Joanne Vizard, ukachapishwa mwaka 2011. Waliwapa washiriki orodha za herufi wazikumbuke kwa mpangilio. Safari moja ulipigwa muziki wanaoupenda, nyingine muziki wanaouchukia, nyingine ukimya. Watu wengi wangetarajia muziki unaopendwa usaidie. Haikuwa hivyo. Unaopendwa na unaochukiwa ulivuruga kwa kiwango kile kile, na ukimya uliwashinda wote. Miaka mitatu baadaye, Perham alirudia swali hilo kwa kazi ya kusoma na kuelewa, na akapata jibu linalofanana: nyimbo zenye maneno, ziwe za kupendwa au za kuchukiwa, zilishusha uelewa.

Hilo ndilo jambo ambalo mtoto hawezi kuliona akiwa peke yake mezani. Muziki anaoupenda unamfanya ajisikie vizuri, muda unapita haraka, kurasa zinafunguka. Anapima usomaji wake kwa namna alivyojisikia. Mtihani haupimi hivyo. Mtihani unapima kilichobaki.

Kwa nini Hisabati ilipanda?

Kupanda kwa Hisabati na kushuka kwa Baiolojia hakuthibitishi kitu kwa kijana mmoja, maana alama hubadilika kwa sababu nyingi. Hata hivyo kuna la kujifunza kuhusu aina ya kazi.

Mwaka 2011, Juliane Kämpfe na wenzake nchini Ujerumani walikusanya tafiti nyingi kuhusu muziki unaopigwa pembeni mtu anapofanya jambo jingine. Walipojumlisha kila kitu, wastani ulikuwa karibu na sifuri. Mtu mvivu wa kusoma angeishia hapo na kusema muziki hauna madhara. Lakini sifuri hiyo ilitokana na faida na hasara kufutana. Muziki ulivuruga usomaji na kuathiri kumbukumbu kidogo, huku ukiinua hisia na kusaidia katika michezo.

Ndiyo maana fundi anashona vizuri huku redio inaimba. Mikono yake inaijua kazi, na muziki unamwondolea uchovu wa kurudia jambo lile lile. Mwanafunzi anayefanya maswali 20 ya Hisabati ya njia aliyokwisha kuielewa, anayechora mchoro wa moyo kwa mara ya tano au anayenakili jedwali yuko karibu na hali hiyo. Mwanafunzi anayekutana na mada kwa mara ya kwanza, anayesoma Historia au anayekariri maana za maneno ya Kiingereza hayuko hivyo. Yeye anauhitaji ubao wote.

Watoto nao hawafanani. Mwaka 1997, Adrian Furnham na Anna Bradley wa London waliwapima watu wapole wanaopenda kukaa peke yao na watu wachangamfu wanaopenda watu. Katika kusoma na katika kukumbuka baada ya muda, muziki wa redioni uliwaumiza zaidi wale wapole. Kwa upande mwingine, mwaka 2007, Göran Söderlund na wenzake nchini Sweden waliona kuwa watoto wenye tatizo la kudumu la kukosa utulivu na umakini walikumbuka vizuri zaidi palipokuwa na sauti ya mvumo usiobadilika, wakati watoto wengine walivurugwa na mvumo huo huo. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuhitaji sheria mbili tofauti.

Chumba cha mtihani hakina wimbo

Kuna suala jingine ambalo wazazi wachache hulifikiria. Kumbukumbu hushikamana na mazingira. Mwaka 1985, mtafiti wa Marekani Steven Smith aliwapa wanafunzi maneno ya kujifunza, wengine wakiwa na muziki wa Mozart, wengine jazi. Siku mbili baadaye aliwataka wayataje. Waliopigiwa muziki ule ule waliojifunzia walikumbuka maneno mengi zaidi kuliko waliopigiwa muziki mwingine au waliokaa kimya.

Mtu anaweza kusema basi hilo ni jambo jema. Lingekuwa jema kama Baraza la Mitihani lingeruhusu spika za masikioni. Mwezi Novemba, mtahiniwa wa kidato cha nne ataketi kwenye chumba chenye hatua za msimamizi, karatasi zinazofunuliwa na feni, kama ipo. Kijana aliyezoea kukumbuka akiwa ndani ya wimbo atafika pale bila wimbo. Kwa sababu hiyo, hata yule anayesoma na muziki anahitaji kujijaribu katika ukimya, kwa saa na maswali yanayofanana na ya mtihani, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe.

Kelele ambazo mzazi hazisikii

Sasa turudi kwenye hoja ya pili ya kijana wa Mbagala, kwamba akivua spika anasikia kila kitu. Mama yake alilisikia jambo hilo mara nyingi bila kulipima. Jioni moja aliketi dakika chache kwenye kiti cha mwanawe. Tamthilia ilikuwa inaendelea, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiwasha. Cherehani ilikuwa imenyamaza ila mteja alikuwa mlangoni akieleza mkasa wa shemeji yake. Binti alikuwa anasoma kwa sauti. Nje, bodaboda ilikuwa inapashwa moto. Kwa kijana asiye na chumba chake, spika za masikioni zilikuwa ndiyo mlango.

Kelele za muda mrefu zina gharama iliyopimwa. Katika miaka ya 1970, Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichunguza shule moja ya msingi kaskazini mwa Manhattan, New York, iliyojengwa kando ya reli ya juu. Upande mmoja wa jengo ulitazama treni, mwingine ulikuwa mtulivu. Katika ripoti yao ya mwaka 1975, watoto wa upande wa treni walikuwa nyuma ya wenzao katika kusoma, na baadhi ya madarasa yalikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mpira wa kupunguza mtetemo na madarasa yakawekewa dari la kunyonya sauti. Bronzaft alipopima tena mwaka 1981, tofauti ilikuwa imeondoka.

Jambo kama hilo lilionekana Ujerumani. Mwaka 1992, uwanja wa ndege wa Munich ulihamishwa. Watafiti waliwafuatilia watoto wa pande zote mbili kabla na baada ya kuhama. Kule kelele zilikoondoka, kumbukumbu ya muda mrefu na usomaji wa watoto viliimarika. Kule zilikohamia, vilishuka. Hakuna mtoto aliyebadilishiwa mwalimu kwa ajili ya utafiti huo. Kilichobadilika ni sauti iliyokuwa juu ya paa.

Mtaa wa uswahilini hauna uwanja wa ndege, ila una baa, spika za nyumba za ibada, kigodoro cha mwisho wa wiki na televisheni isiyozimwa. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Wazazi wa mtaa mmoja wakienda pamoja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya msimu wa mitihani, husikika kuliko mzazi mmoja anayegombana na mwenye baa usiku wa manane.

Mapatano ya sebuleni

Mama wa Mbagala hakuchukua simu ya mwanawe. Alimwita wakapatana. Kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku televisheni inazimwa, wateja wanapokelewa barazani, na binti anasomea kitandani chumbani. Kwa upande wake, kijana anavua spika akiwa na Baiolojia, Historia na Kiingereza. Kwenye mazoezi ya Hisabati ana ruhusa ya muziki wa sauti ya chini. Kila baada ya dakika 40 anapumzika kidogo, na hapo anaweza kupiga singeli mpaka mabati yatikisike, ila asimwamshe bibi wa nyumba ya pili.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kwa wakubwa kuliko kwa kijana. Mama alikosa tamthilia yake. Binti aliuliza mara tatu kama umeme umekatika. Kijana naye alilala juu ya kitabu siku ya tatu, akaamshwa na mama aliyekuwa anapindisha sketi. Hapo ndipo walipoongeza kipengele: akisinzia anainuka, anatoka nje, ananawa uso, anasikiliza wimbo mmoja, kisha anarudi.

Kipimo walichokubaliana kilikuwa rahisi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kijana anachukua karatasi tupu na kuandika anachokumbuka kutoka mada ya jana, bila kufungua daftari. Kwa muda wa wiki mbili walibadilishana, siku moja anasoma Baiolojia na muziki, siku nyingine bila. Karatasi za siku za ukimya zilijaa zaidi. Kijana alikiri kuwa siku za muziki alikuwa anamaliza kurasa nyingi, na kwamba nyingi kati ya hizo hakuzikuta asubuhi. Kuhusu Hisabati hakukubali kushindwa, na mama hakumlazimisha.

Jumamosi kulipokuwa na kigodoro mtaa wa pili, hapakuwa na ukimya wa kugawana. Siku hiyo spika zilirudi masikioni, safari hii zikiwa na sauti ya mvua kutoka kwenye simu. Sauti ya namna moja, kama ya mvua au feni, hufunika kelele za nje bila kuleta maneno mapya kwenye ule ubao mdogo.

Pale wimbo unapokuwa ndio somo

Mzazi asije akatoka hapa akiwa na chuki na muziki. Watoto wa chekechea hujifunza irabu, siku za wiki na viungo vya mwili kwa nyimbo. Madrasani watoto hushika kurasa kwa mahadhi. Hapo muziki hauko pembeni ya somo, umelibeba somo lenyewe.

Utafiti wa Wanda Wallace wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa maneno yaliyoimbwa yalikumbukwa kuliko yaliyosemwa, mradi sauti ya wimbo iwe nyepesi na irudiwe ubeti baada ya ubeti. Mwaka 2014, Karen Ludke na wenzake wa Edinburgh, Scotland, waliwafundisha watu wazima 60 misemo ya Kihungari kwa dakika 15. Waliorudia kwa kuimba walifanya vizuri zaidi katika kuitamka tena lugha hiyo kuliko waliorudia kwa kusema tu.

Kwa hiyo binti wa darasa la nne anayeimba jedwali la saba huku anaosha vyombo anasoma kweli. Kaka yake anayesoma sura ya chembe hai huku mtu mwingine anamwimbia habari za mapenzi yuko katika hali tofauti.

Masikio nayo yana kikomo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Mwongozo wake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Nyumbani hakuna wa kupima desibeli, hivyo ushauri rahisi ni kutopandisha sauti ya simu kupita asilimia 60. Ukisimama hatua moja kutoka kwa mtoto na unasikia maneno ya wimbo, imezidi.

Mtoto anayelalamika masikio kuvuma baada ya kusikiliza, anayeomba kurudiwa maneno kila mara au anayepandisha televisheni kuliko wenzake apelekwe hospitali apimwe. Wapo watoto wanaoitwa wazembe darasani kumbe hawamsikii mwalimu vizuri.

Mzazi afanye nini?

Anza kwa kutenganisha kazi. Kusoma jambo jipya, kukariri na kuandika insha vifanywe katika ukimya. Mazoezi ya kurudia anaweza kuyafanya na muziki, ikiwezekana usio na maneno na wa sauti ya chini. Nyimbo anazozipenda zikae kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko, maana hapo ndipo zinapomsaidia.

Tenga saa mbili za nyumba nzima, zisiwe za mtoto peke yake. Televisheni ikiendelea sebuleni, amri ya kuvua spika inamwacha na kelele mbaya zaidi. Kama nyumba haiwezi kunyamaza, msaidie apate saa ya alfajiri, au chumba cha darasa baada ya masomo.

Simu iwekwe mbali hata pale muziki unaporuhusiwa. Kuchagua wimbo unaofuata huishia kwenye ujumbe, na ujumbe huishia kwenye video. Nyimbo zipangwe mapema, kisha simu ikae kwenye kabati la vyombo.

Muda wa kulala ulindwe. Ubongo huimarisha kilichosomwa mtu akiwa usingizini, na mtoto anayesoma mpaka saa saba usiku kwa msaada wa muziki anakopa kwenye usingizi wa kesho.

Na ukipita karibu na meza yake usiku wa leo, usiulize anasikiliza nini. Mwambie afunge kitabu, akueleze kwa maneno yake alichosoma katika nusu saa iliyopita. Akieleza, mwache aendelee na utaratibu wake. Akikwama, hapo kaa naye chini mpange upya, na wewe uwe wa kwanza kuzima televisheni.